Siku Niliyorudi Kwenye Ukumbi wa Visu

Mzee aliyenipigia simu hakujua kwamba nilikuwa nimeacha kushika visu. Ni Mmarekani, mtengeneza visu wa huko milimani Virginia, na sauti yake siku hiyo ilikuwa imechoka kuliko nilivyoikumbuka.

"Kisu chako kiko tayari," akasema. "Jumamosi nitakuwa kwenye maonyesho. Njoo ukichukue."

Nikamwomba anitumie kwa posta.

"Ule mti ulionipa siwezi kuutia kwenye bahasha," akasema. "Na mimi mwaka huu ndio mwisho. Macho yamekwisha. Njoo mwenyewe, tuagane."

Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nilikwenda bafuni, nikafunga mlango, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Mti aliousema ni tendegu la kitanda cha mama yangu. Alipofariki, nilikwenda Tanga, nikakuta ndugu zangu wamekivunja kile kitanda cha mninga na mbao zimeegemezwa ukutani uani, zinangoja kuwa kuni. Nikaomba tendegu moja, nikalikata kipande, nikakitia kwenye begi katikati ya nguo. Nilikipeleka kwa yule mzee kwenye maonyesho, nikamwambia nataka kisu cha kukunja, mpini wake uwe huu. Mafundi kama yeye wana foleni ndefu, mtu huagiza akasahau. Mimi sikusahau. Lakini katikati ya kungoja, nikawa mtu mwingine.

Nieleze kwanza visu vilinipataje. Nilipofika nchi hii kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja upande wa Virginia, karibu na uwanja wa ndege. Jumamosi moja ukumbi mkubwa ulijaa watu wenye mikoba ya ngozi, nikauliza kuna harusi gani, nikaambiwa ni watu wa visu. Saa ya chakula niliingia na sare yangu ya kazi, kuchungulia tu. Mzee huyo huyo, wakati ule ndevu zake zikiwa bado nyeusi kidogo, hakuniuliza nataka nini. Alinitia kisu kiganjani, akaniambia nifumbe macho nikifungue. Kilifunguka taratibu, bila kukwaruza, kama mlango uliotiwa mafuta. Nilirudi kwenye magari nikiwa na kiganja kinachowasha kwa furaha.

Tangu hapo sikukosa mwaka. Hata nilipoacha hoteli nikasomea kuendesha mashine za kusafisha damu, nikaajiriwa kliniki karibu na College Park, Jumamosi ya maonyesho ilikuwa yangu. Nilinunua kidogo, nikashika vingi. Mke wangu alikuwa akinicheka. "Wenzako wananunua viwanja, wewe wanunua visu vya kutazama. Hata kitunguu havikati." Nikamwambia kitunguu kina kisu chake.

Halafu ikaja Jumapili ile ya chumba cha kufulia.

Tunaishi Adelphi, kwenye majengo ya ghorofa nyuma ya University Boulevard, na mashine za kufulia ziko chini, kwenye ghorofa ya ardhini. Ilikuwa mchana, jua linaingia kwenye vidirisha vya juu. Nilikuwa nimeinama, nimetia kichwa karibu na mdomo wa mashine ya kukaushia, navuta mashuka. Nyuma yangu nikasikia *tak*.

Niliujua mlio ule. Na jambo linalonitesa mpaka leo ni hili: kabla sijaogopa, kwa muda mfupi sana, nilifikiri, hicho ni kisu cha kukunja kilichoundwa vizuri, chuma chake hakichezi. Kisha mkono ukanikandamiza bega na ubaridi ukatua chini ya sikio langu la kulia.

"Usigeuke," mtu akasema.

Sikugeuka. Alichukua simu yangu mfukoni, akavuta na koti lililokuwa juu ya mashine. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ya chini, kama ya mtu mwenye mafua. Niliona kiatu chake cha raba na mkono wa sweta. Uso sikuuona. Alipoondoka alinisukuma, na ncha ikanipasua kidogo, mkwaruzo tu. Nilipanda ngazi nimeshika shuka shingoni, nikakutana na jirani yetu, mama wa Kikongo anayehudumia wazee majumbani mwao. Alinishika mabega. "Papa, ikala. Ikala chini, uko unatoka damu." Ndiye aliyekwenda kumwita mke wangu.

Polisi walikuja, wakauliza, wakaenda. Sikuwa na la kuwaambia. Jeraha lilipona upesi, hata kovu lazima ulitafute. Lakini visu vyangu nilivifunga kwenye sanduku nikavisukuma chini ya kitanda. Nyama mke wangu alinikatia kabla ya kuniletea. Kazini sindano na mikasi havikunipa taabu, ila mgonjwa akipita nyuma yangu ghafla, naruka. Watu wa maonyesho walipouliza mbona sionekani, niliwaambia kazi nyingi. Mwaka ukaingia mwaka.

Ijumaa usiku kabla ya kwenda nilimwambia mke wangu nadhani nitapiga simu niseme ninaumwa. Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Nakwenda na wewe," akasema.

"Wewe? Miaka yote hukutaka hata kukanyaga."

"Sasa nataka."

Asubuhi ndiye aliyeshika usukani. Ni mtu wa Unguja, anaendesha polepole na kuzungumza na magari mengine kama yanamsikia. Mimi nilitazama dirishani Beltway nzima, ile barabara kuu inayozunguka jiji. Tulipopita darajani juu ya mto Potomac kuingia Virginia nilihisi mikono yangu imelowa, nikaipangusa kwenye suruali, ikalowa tena. Kwenye maegesho ya hoteli nilikataa kushuka. Nilipajua pale kila pembe, ndipo nilipokuwa nikikimbia na funguo za watu mvuani, na bado nilipatazama kama nimeletwa kufungwa.

"Ukitaka turudi, tutarudi," mke wangu akasema. "Lakini uamulie mlangoni, si humu ndani ya gari."

Mlangoni palikuwa na askari mrefu mwenye bastola kiunoni. Zamani hakukuwa na askari. Alipekua mkoba wa mke wangu akitazama buibui lake, akatazama ndevu zangu, nami nikaanza kuogopa kwa upande mwingine tena: kwamba tutaulizwa watu kama sisi tunataka nini kwenye ukumbi wa visu. Hakuuliza. Alitugonga mihuri mikononi, akasema, "Karibuni." Nilikuwa nimejiandaa kurudi, na sasa sikuwa na sababu.

Nilikuwa nimesahau mlio. Nilikumbuka harufu ya mafuta na ngozi, nilikumbuka meza zenye vitambaa vyeusi na taa ndogo ndogo, lakini nilisahau kwamba katika ukumbi ule kila mtu, pale anapozungumza, anafungua na kufunga kisu bila kujijua, kama wengine wanavyochezea tasbihi. *Tak. Tak, tak.* Kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kila mlio ulitua palepale chini ya sikio. Shati liliganda mgongoni. Nilitaka kwenda kwa mzee moja kwa moja, lakini meza yake ilikuwa mwisho kabisa, na njia ya kufika ilikuwa katikati ya watu.

"Tembea nyuma yangu," nikamwambia mke wangu.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma yangu kabisa. Pasipite mtu katikati."

Akafanya hivyo. Alinikaribia mpaka nikasikia viatu vyake vinagusa visigino vyangu, na mkono wake ukawa mgongoni kwangu, hausukumi, upo tu. Tulikwenda hivyo, watu wakitupisha. Wawili watatu walinitambua. "Ulipotelea wapi?" Nikatabasamu, nikapita.

Tulikuwa tumefika katikati ya ukumbi niliposikia ile sauti.

Ya chini, ya kukwaruza, kama ya mtu mwenye mafua. Ilikuwa inamweleza mteja habari za chuma. Niligeuza shingo polepole. Nyuma ya meza ndogo alisimama kijana mweusi, Mmarekani, mwenye sweta la kofia, kisu mkononi, anakifungua na kukifunga huku anazungumza. Sikio langu likapata moto. Nilimshika mke wangu mkono.

"Ni yeye."

"Nani?"

"Yule wa chumba cha kufulia."

Akamtazama, akanitazama. "Ulimuona uso?"

"Sauti. Ni sauti yake."

"Bwana, ulimuona uso siku ile?"

Nilimwachia nikaanza kurudi mlangoni kwa askari. Sikumbuki kupishana na watu, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekwisha kupanga maneno yangu kwa Kiingereza, na kwamba yalikuwa machache na safi: yule mtu pale aliniwekea kisu shingoni. Nilifika. Askari akainama kidogo ili anisikie.

"Naam, bwana? Kuna tatizo?"

Mkono wake ulikuwa umepumzika karibu na bastola, kwa mazoea tu, kama mwingine anavyotia mkono mfukoni. Niliutazama ule mkono. Na hapo nikaiona safari yake yote: anavyokwenda kwa haraka kati ya meza, watu wanavyogeuka, na kijana mweusi mwenye sweta la kofia anavyoinua uso kuuliza kuna nini, kisu bado kiko wazi mkononi mwake. Ndani ya nchi hii nimeishi muda wa kutosha kujua mambo kama hayo huishaje. Tangu asubuhi nilikuwa naiogopea shingo yangu. Sasa niliogopa mdomo wangu.

"Choo kiko wapi?" nikauliza.

Akanionyesha, ingawa kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote.

Nilinawa uso mara nyingi. Sikuwa nimeamini kwamba siye. Niseme ukweli, niliamini kwamba ndiye, na nilikuwa nimemnyamazia, na sikujua kama ni huruma au ni woga ule ule umevaa kanzu safi. Nilijipangusa kwa karatasi nikatoka kumtafuta mke wangu tuondoke, kisu na kibaki.

Hakuwapo nilipomwacha. Nilimwona kwa buibui lake. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya yule kijana, ameinama juu ya visu vyake, wanazungumza.

Nimewahi kuogopa, lakini si hivyo. Nilishindwa hata kumwita. Nilikwenda kwa sababu miguu ilikwenda. Alinisikia nakuja, akasema kwa Kiswahili bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko dukani:

"Njoo usikie. Nimemuuliza koo lake lina nini. Anasema alizaliwa hivyo, alipasuliwa utotoni. Anatoka Georgia, hajawahi kufika huku. Hii ndiyo meza yake ya kwanza."

Mtu anaweza kusema lolote, nikawaza. Kijana alinitazama, akatabasamu. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Miaka ile ya chumba cha kufulia angekuwa bado shuleni. Hata hilo halikunitosha.

"Mama anasema wewe ni mtu wa siku nyingi kwenye mambo haya," akasema kwa Kiingereza cha kusini, maneno yanavutwa. "Hiki ndicho ninachokipenda zaidi. Hebu kishike, uniambie."

Akaninyoshea, kimefungwa, mpini mbele, kwa adabu yote. Mkono wangu uliinuka ukafika ukingoni mwa meza, ukakataa kwenda mbele. Ulibaki pale juu ya kitambaa cheusi, sote watatu tukiutazama. Nilirudi nyuma nikamgonga mtu, nikaruka.

Tabasamu likamtoka. Akaelewa, ila alielewa vingine. Alidhani namwogopa yeye. Alikilaza kisu kwenye kitambaa taratibu, akakisukuma mbali, kisha akaiweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja wazi, mahali ninapoiona. Alifanya hivyo bila kuambiwa na bila hasira, kwa namna ya mtu aliyekwisha kufanya mara nyingi mbele ya watu wengi. Na mimi ninayajua mambo hayo, mimi mwenyewe nimeiweka mikono yangu hivyo juu ya usukani.

"Sawa, mzee," akasema. "Hakuna neno."

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi. Ni visu."

Akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama aliniamini. Na hakuwa amekosea, maana nilikuwa ningali namwogopa wakati ule ule nilipokuwa naona haya. Nilidhani aibu ingeondoa woga, haikuuondoa. Vilikaa pamoja kifuani, kimoja hakimpishi mwenzake. Mke wangu alimshukuru, akamsifia kazi yake, akanigusa mgongo tukaenda.

Mzee alikuwa ameketi, zamani hakuketi kamwe. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinitambua kwa sauti, akasimama, akanikumbatia. Nilimjulisha kwa mke wangu, akamwambia amengoja miaka mingi kumwona mwanamke anayemruhusu mumewe upuuzi huu. Kisha akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe.

"Siwezi kukishika," nikasema.

Nilisema hivyo tu, bila kupanga. Nje ya nyumba yangu sikuwa nimemwambia mtu.

"Tangu lini?"

Nikamweleza, kwa ufupi, huku mgongo wangu nimeugeuzia ukuta. Alisikiliza. Hakunipa nasaha, hakuniambia nitapona. Alikaa, akafungua kitambaa mwenyewe, na kisu kikalala pale kimefungwa. Ule mninga ulikuwa umekolea rangi, mwekundu wa udongo wa nyumbani.

"Sitakifungua," akasema. "Kitabaki kimefungwa. Gusa mti tu. Mti si kisu."

Nikanyosha kidole. Mti ulikuwa na joto la taa. Upande mmoja nikahisi kijishimo, mchirizi mwembamba uliokatiza mpini, ambao fundi mwingine angeusawazisha kwa msasa.

"Huo niliukuta," mzee akasema. "Nikashindwa kuufuta. Ulikuwa wa nini?"

Nikaupitishia kidole tena. "Kamba," nikasema. "Mama alikuwa akifunga hapo kamba ya chandarua."

Kamba ile ilikula mti miaka na miaka, kila jioni ikifungwa, kila asubuhi ikifunguliwa. Nikakichukua. Nilikitia kiganjani, nikakunja vidole, kidole gumba kikakaa chenyewe kwenye ule mchirizi. Mke wangu aliacha kupumua, nilimsikia. Nilikishika. Nikaanza hata kukipima uzito kama nilivyozoea zamani.

Kisha mtu meza ya jirani akacheka, akafungua kisu chake, *tak*, na mimi nikakitupa. Kilianguka juu ya kitambaa, hakikuumia. Mzee alikiokota akakipapasa, akakitia kwenye kifuko chake cha ngozi, akampa mke wangu.

"Nimefurahi umekuja," akaniambia. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Sijamwona tena tangu hapo, tunazungumza kwa simu.

Kutoka tulipita upande wa pili wa ukumbi, mbali na meza ya yule kijana. Mimi ndiye niliyeomba hivyo.

Kwenye gari, kabla ya kuwasha, mke wangu alipandisha mkono wa buibui. Alama za vidole vyangu zilikuwa pale juu ya kiwiko, nyekundu, zinaanza kuwa za zambarau. Sikujua kama nilimbana vile.

"Pole," nikasema. "Nilikuogofya."

"Si hapo." Akashusha mkono wa nguo. "Niliogopa ulipokwenda kwa askari. Nilikuona mgongo tu. Nikasema, akifungua mdomo, yamekwisha, hatutayarudisha."

"Ndipo ukaenda kuzungumza na yule kijana?"

"Nilitaka kuwe na mtu amesimama naye."

Aliwasha gari. Magari darajani yalikuwa yamejaa, tukasogea kidogo kidogo, na kila pikipiki iliyopita ubavuni ilinishtua.

"Ungesema?" akauliza baadaye.

"Sijui."

"Na mimi sijui," akasema, akamwashia taa dereva aliyekuwa akiomba kuingia, akampisha.

Kisu kiko kabatini, katikati ya kanga zake, kwenye kifuko chake. Siku nyingine, nikiwa peke yangu, nakitoa nakishika kikiwa kimefungwa, nakirudisha. Kukifungua bado. Maonyesho ya mwaka uliofuata sikwenda. Nilisikia kwamba yule kijana wa Georgia alirudi, na safari hii meza yake ilikuwa kubwa zaidi.